Darubini na Nyota za Utosini

Darubini isiyo na mota huongozwa kwa vishikio viwili vya mwendo wa polepole: kimoja huinua bomba, kingine huligeuza kushoto na kulia. Dunia yazunguka digrii 15 kwa saa. Basi ukitazama sehemu ya mbingu yenye upana wa nusu digrii, nyota huivuka kwa dakika mbili tu. Sisi tuwaonyeshao watoto nyota hapa Uvira twaijua taabu hiyo, kwani safu ni ndefu, na mtoto wa mwisho hapaswi kukuta giza tupu.

Mji wetu uko kusini ya ikweta kwa digrii tatu na nusu hivi. Kwa hiyo kundi la nyota liitwalo Jabari, likichomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, hupanda karibu wima, na kishikio cha kuinulia chatosha. Lakini katikati ya Februari, saa mbili usiku, hufika utosini. Hapo cha kugeuzia chataka kuzungushwa upesi kuliko mkono wa mwanafunzi uwezavyo bila kuitikisa miguu ya darubini. Afadhali Desemba, saa tatu usiku, Jabari angali nusu njia, mvua ikituruhusu!

Kishikio kikizunguka bure kabla bomba halijasogea, parafujo haijashika sawasawa meno ya gurudumu lake. Isogeze karibu kidogo kidogo, ukizidi, itakwama. Kikiwa kigumu, futa grisi ya zamani iliyonasa mchanga wa ufukweni, upake mpya. Tena bomba lisawazishwe kwanza: likielemea mbele, nyota huruka kila mkono unapokiacha kishikio.