Mbabula Isilale na Watoto

Wewe unayepika na makala kila siku, kaa kidogo nikusimulie habari ya mbabula mbili. Moja ilikaribia kutuulia mtoto. Ya pili iko kwetu mpaka leo.

Tunakaa Nyunzu, karibu na mto Lukuga. Wakati ule nilikuwa nachimba koltani, narudi nyumbani kila mwisho wa mwezi na feza kidogo. Mbabula yetu ilikuwa ile unayoijua: bati ya zamani iliyotobolewa matundu. Mara kwa mara bibi yangu aliniambia: «Baba watoto, hii mbabula inatumalizia makala. Dada yangu ameona ingine kule Kalemie, iko na udongo ndani. Unipatie feza nimutume.» Mimi nilijibu: «Mbabula ni mbabula. Hii ingali nzima.» Feza ya mbabula ilikosekana, lakini feza ya pombe ilipatikana. Usinicheke, pengine na wewe uko hivyo.

Ikafika mwezi wa saba, wakati mvua imekwisha na usiku una baridi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anakohoa. Kwa kumwonea huruma, mimi mwenyewe nilichukua mbabula, makala yamekuwa mekundu bila moshi, nikaiweka katika chumba cha watoto. Nikafunga dirisha, nikafunga na mlango. Nikaenda kulala nikijiona baba mwema.

Usiku sana yaya yake aliamka, kichwa kinamwuma, anatapika, miguu haina nguvu. Alijikokota mpaka mlangoni akatuita. Mdogo wake tulimtikisa, hakuamka. Tukamtoa nje kwenye hewa, tukakimbia naye hospitali. Alifungua macho kumekucha.

Munganga alituuliza neno moja tu: «Mulilala na mbabula ndani?» Halafu akatueleza. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Mimi nilidhani hatari iko katika moshi. Kumbe makala mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayotudanganya!

Tuliporudi nyumbani nilimpa bibi feza ya mbabula. Hakunikumbusha maneno yangu. Alizipokea tu, akanyamaza, na ule unyamavu uliniuma kuliko matusi.

Sasa uangalie tofauti ya hizi mbabula mbili. Ile ya bati tupu inatupa joto pembeni: unaota moto wewe, sufuria inangoja. Ile mpya iko na chungu cha udongo uliochomwa ndani ya bati. Udongo unazuia joto lisitoroke, linapanda kwenye sufuria. Chini kuna kamlango: bukari ikitaka moto mkali unafungua, sombe ikitaka moto wa polepole unafunga kidogo. Mbabula za namna hii zilianza kutengenezwa Kenya katika miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa Thailand. Huko kwetu Kongo, mji wa Goma unazijua vizuri.

Kwetu, gunia moja lililokuwa linakwisha kwa majuma 3 sasa linafika majuma 5. Ile feza inayobaki inanunua daftari na sabuni. Na pori pia linapumua. Kwa tanuru zetu za udongo, kilo 1 ya makala inaweza kula kilo 6 mpaka 10 za miti. Basi kila kikapu unachookoa jikoni ni miti inayobaki imesimama.

Lakini usikosee kama mimi! Mbabula ya udongo pia inatoa ile sumu. Inakula makala kidogo, lakini haina ruhusa ya kulala na watu. Sisi tunapikia nje, ao chini ya paa lisilo na kuta. Baridi ikizidi, bibi anachemsha maji juu ya makala yanayobaki, anayatia katika kabidoni, anafunga kifuniko vizuri, anazungusha kitambaa, anakaweka miguuni pa watoto chini ya bulangeti. Mbabula yenyewe inabaki nje.

Na ukiona siku moja watu wa nyumba wanaumwa kichwa wote pamoja, wanazungukwa na kizunguzungu, na moto uko ndani, usitafute mchawi. Fungua milango, toa watu nje, uwapeleke hospitali mbio.

Wewe baba unayesoma, bibi yako amekwisha kukuomba mbabula mara ngapi? Mimi nilingoja mpaka mtoto akakosa kuamka. Wewe usingoje.