Ukimya wa Watoto Garini

Msimu wa baridi uliopita, gari kuukuu la msikiti wetu liliwapeleka watoto wa madrasa kwenye hafla huko Mombo, nami nikafuatana nao. Wakati wa kurejea Lushoto walipandisha mlima kwa kasida, vioo vikiwa wazi kwa joto la bondeni. Tulipoipita Soni, baridi ikatuingia, tukafunga vioo. Punde kasida zikakatika. Watoto wakasinzia, mmoja akatapika, nami kichwa kikaniuma. Nikasema moyoni: hizi ni kona za Usambara. Lakini kona huanzia Mombo, na huko chini walikuwa wakiimba. Kilichobadilika ni vioo.

Usiku ule nilifungua jalada la kamati. Mara tatu dereva alilalamikia harufu ya moshi. Mara tatu mkono wangu mwenyewe uliyaandika malalamiko yake chini ya "Mengineyo".

Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, fundi aliliwasha gari uwanjani, akaziba kwa muda mfupi mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Penye ungio la mbele yakafura mapovu: gasketi imekufa. Karibu na hapo, chini ya zulia, palikuwa na tundu la sakafu lililopoteza kizibo chake cha mpira. Kisha akabana kipande cha karatasi kwenye mlango wa nyuma. Kikachomoka bila kukaza, ishara kwamba mpira wa mlango umechoka. Vyote vitatu vikatengenezwa.

Harufu ilikuwa rehema, kwa kuwa ilituonya. Kilicho hatari zaidi ndani ya moshi huo hakinuki wala hakionekani: ni kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aivutaye huumwa kichwa, hutapika, husinzia. Na usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Zikitokea dalili hizo, simamisheni gari, zimeni injini, watoeni watu wote nje, kisha wafikisheni hospitali.

Tumezoea kupanda gari bovu na kusema tumetawakali. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza. Wazazi walitukabidhi amana, nami niliuona ukimya wao kuwa ni adabu.

Katika kikao kilichofuata, gari lilikuwa ajenda ya kwanza, na dereva ndiye aliyeanza kusema.