Nililifuata Gawio Hadi Milton Keynes

Kabla ya Mei 2025 sikuwahi kukanyaga Uingereza, na kila niliyemwambia kuwa nakwenda alinitajia Big Ben na viwanja vya mpira. Mimi nilikuwa na hamu ya kuiona Milton Keynes. Huko anaishi shemeji yangu, muuguzi, na huko ndiko yaliko makao ya Rightmove, tovuti ambayo Waingereza huifungua kwanza wanapotafuta nyumba ya kununua au ya kupanga. Kwa miaka nimeandika juu ya magawio ya benki na viwanda vya saruji vya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni ya mtandaoni inayowagawia wanahisa faida yake nilikuwa nikiisoma kwenye vitabu vya hesabu tu, nami nikataka kuona inakaa mahali gani.

Nilipanda treni Euston, London. Abiria walisimama wakiwa wameinua nyuso kuutazama ubao wa matangazo, na namba ya jukwaa ilipotokea wote wakatoka mbio kwa pamoja, nami nikiwa katikati yao na begi langu. Ndani ya behewa hakuna aliyemsemesha mwenzake. Mashamba ya maua ya manjano yalipita dirishani, kisha zikaja nyumba za matofali mekundu, na hapa na pale nje ya nyumba kibao cha dalali kinachosema inauzwa. Vibao hivyo nilivitazama kuliko mashamba, kwa sababu madalali wa namna hiyo ndio wanaoilipa Rightmove.

“Pole na safari, shemeji,” akanipokea, na kabla hatujafika kwake nikamwomba anipitishe Caldecotte. Milton Keynes ni mji uliopangwa tangu 1967. Barabara zake kuu zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu, zikiitwa kwa herufi V na H na namba. Tulizunguka mizunguko mingi hadi nikapoteza upande wa kusini. Mwishowe tukafika kando ya ziwa la kuchimbwa, lenye bata, na karibu yake majengo ya ofisi ya kimo cha kawaida katikati ya miti.

“Sasa hapa umekuja kuona nini?” akaniuliza.

Nilimweleza kwamba udogo wa mahali hapo ndio habari yenyewe. Kiwanda cha saruji hakiwezi kugawa faida yote, kwa sababu tanuru linachakaa na mitambo inataka kubadilishwa. Rightmove haimiliki nyumba inazozitangaza wala haiziuzi. Madalali na wajenzi wanalipa ada ya kila mwezi ili matangazo yao yaonekane, na kwa 2024 wastani wake ulikuwa pauni 1,524 kwa kila mmoja. Mapato ya mwaka huo yalikuwa pauni milioni 389.9, na katika kila pauni 100 zilizoingia, takriban 70 zilibaki kuwa faida ya uendeshaji kwa kipimo cha kampuni yenyewe. Tangazo jipya halidai jengo jipya. Fedha inayobaki baada ya matumizi na uwekezaji haina kazi kubwa ndani ya kampuni, na sera yake ni kuirudisha kwa wanahisa.

Usiku, chai ya tangawizi ikiwa mezani, shemeji akafungua simu na kunionyesha hisa zake chache. Amezinunua ndani ya ISA, akaunti ya akiba ambayo gawio lake halikatwi kodi Uingereza. Gawio la mwaka 2024 lilikuwa peni 9.8 kwa hisa: 3.7 za nusu mwaka na 6.1 za mwisho. Hisa yenyewe ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya pauni 7.

“Ni kidogo mno, shemeji. Benki inanipa zaidi.”

Alisema kweli, na wengi huishia hapo. Lakini Rightmove ina njia mbili za kurudisha fedha, na ile ya pili ndiyo kubwa: inanunua hisa zake sokoni na kuzifuta. Iliingia Soko la Hisa la London Machi 2006, na 2018 kila hisa ikagawanywa kuwa kumi. Kwa hesabu hiyo mpya, mwanzoni zilikuwa hisa zaidi ya bilioni 1. Kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa chini ya milioni 800. Asiyeuza hisa zake anajikuta na fungu kubwa zaidi la kampuni bila kuongeza hata peni. Hata hivyo, nalipenda gawio zaidi. Hisa zikinunuliwa kwa bei ya juu, fedha ya wanahisa waliobaki inapotea kimyakimya, ilhali gawio mwenye akiba ndogo analiona kwenye akaunti yake na kuamua mwenyewe alifanyie nini.

Wala gawio si mshahara. Mwaka 2020, korona ilipolifunga soko la nyumba, Rightmove ilifuta gawio la mwisho la 2019 na kuwapunguzia madalali ada kwa asilimia 75. Aliyelitegemea gawio lile kulipa bili aliumia. Bado nauona uamuzi ule kuwa sahihi: madalali wangefunga maduka, mwaka uliofuata kusingekuwa na cha kugawa. Malipo yalirejea baadaye. Tena si kila kampuni ya namna hii hugawa: Zillow ya Seattle, inayofanya biashara inayokaribiana na hii, haijawahi kulipa gawio la fedha tangu iingie sokoni 2011. Faida ya mwanahisa wake hutegemea bei ya hisa kupanda.

Habari hizi za Rightmove shemeji yangu aliweza kuzisoma kwenye ripoti zake za mwaka, kwa lugha anayoitumia kazini. Naziomba kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam na Nairobi ziandike sera zao za gawio kwa Kiswahili, zikieleza fedha inatoka wapi, italipwa lini, na ni jambo gani litakaloizuia. Nawe mwanahisa, ziulize hayo kwenye mkutano mkuu ujao.