Waya wa Laki Mbili

Waya wa spika niliununua kwa shilingi laki mbili na ishirini. Spika zenyewe, zote mbili, laki moja na nusu. Hakuna aliyenishikia panga. Bei niliuliza mwenyewe, nikapunguziwa, nikahesabu noti nikiwa na akili zangu timamu.

Ninaishi Misigiri, wilayani Iramba, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na lami kuu ya Singida kwenda Nzega. Malori hupita usiku kucha yakielekea mlima Sekenke, kwa hiyo anayetaka kusikiliza muziki wa taratibu sebuleni ana kazi. Mwaka huo alizeti ilinilipa vizuri. Nikasema na mimi sasa niachane na kiredio cha betri, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz yake waje wakae kwangu sawasawa.

Amplifaya ilikuwa ya mtumba, chuma kizito, nyuma imeandikwa wati 40 kila upande. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye spika. Nilichagua mpya, ndogo, zinazong'aa, kwa sababu kasha lake lilisema wati 1,200, nami nikajiona nimepata bahati ya mtende. Namba za namna hiyo ni za PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja: kila kiwanda hukokotoa kivyake, na ikitoka kubwa ndiyo inayochapwa. Ya kuuliza ni wati za RMS, nguvu ambayo spika inaistahimili mfululizo. Sikuuliza.

Zilipoanza kupiga, besi ilivuma noti moja tu kama pipa, na mwimbaji akawa anaimbia puani. Pale pale nilipaswa kusema: spika mbovu. Sikusema. Kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba laki na nusu imekwenda na maji, wakati majirani nilikuwa nimeshawaita waje waone. Nikaanza kutafuta mchawi mwingine, na maduka ya vifaa vya muziki hayakosi mchawi wa kukuuzia: leo ni waya mwembamba, kesho ni pini zinazoshika kutu, keshokutwa ni stendi, na kila kimoja kina bei ambayo unaweza kuitetea mbele ya mkeo, elfu thelathini hapa, elfu hamsini pale, fedha isiyokutisha kwa sababu unailinganisha na gharama ya vyombo vyote badala ya kujiuliza kile unachokinunua kitafanya nini hasa.

Pini nilichukua zilizopakwa dhahabu. Fikiria mtu wa Iramba, jirani wa Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani na mwaka 1916 ikatengenezwa sarafu za rupia 15 kule Tabora, anatuma fedha Kariakoo aletewe dhahabu ya kupaka! Na dhahabu hiyo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, nasi hewa yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka.

Katika vikorombwezo vyote nisichokijutia ni kimoja, kile kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi. Hakikuongeza utamu wowote kwenye muziki, lakini amplifaya ingali hai.

Siku ya kufumbuka macho, fundi redio wa hapa njia panda, kijana mdogo, alikuja kutengeneza televisheni. Akautazama waya wangu, akauliza bei. Nikamtajia kwa majivuno. Hakucheka. Alitoa kwenye begi kipande cha waya wa nyumba, ule wa 1.5 tunaofungia taa, akabonyeza amplifaya itoe sauti ileile pande zote mbili.

"Mzee, geukia ukuta. Upande mmoja nimeweka wako, mwingine huu. Niambie wako uko wapi."

Nilisikiliza, nikajibu bila kusita: kushoto. Kushoto kulikuwa na waya wa taa. Akabadilisha, akauliza tena, na tena. Nikipatia mara moja, nakosa inayofuata.

Baadaye alinipigia hesabu. Kutoka kwenye amplifaya hadi spika ni mita 3, kwenda na kurudi 6. Urefu huo wa shaba ya milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.07 hivi, na spika yangu ni ya omu 8. Haifiki hata asilimia moja. Mimi nilikuwa nimelipa laki mbili kuipunguza hiyo.

Lakini hesabu haikuniuma sana. Kilichoniuma kilifuata. Fundi aliomba spika ya zamani ya marehemu baba, kabati la mbao lililokuwa stoo likibeba madumu ya mafuta. Akaifunga kwa waya wa taa. Gitaa la besi likaanza kutembea, noti moja baada ya nyingine, na mwimbaji akatoka puani. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mmenunua redio nyingine?"

Miezi yote ya pini na stendi hakuwahi kuuliza kitu. Nilidhani redio haimhusu. Kumbe masikio yake yalikuwa mazima. Hapakuwa na kilichobadilika cha kuulizia.

Tena yeye ndiye aliyekuwa na dawa. Tangu tupige plasta alikuwa akiomba mapazia mazito na zulia. Sebule yetu ni sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari, kwa hiyo sauti inagonga, inarudi, inagongana na inayokuja. Vitambaa vizito na zulia hupunguza mwangwi huo. Nilimwambia avute subira, fedha ina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa pini.

Vikorombwezo vyote, waya ukiwemo, vilifika laki nne na nusu. Kwa fedha hiyo ningepata spika nzuri za mtumba, mapazia, na chenji. Msimu uliofuata mbegu nilikopa, nikalipa kwa magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mapazia tuliweka mwaka wa pili yake. Spika ya baba ilikuwa moja tu, na fundi bado ananitafutia mwenzake.

Waya niliamua kuuuza. Aliyejitokeza ni mnunuzi wa chuma chakavu, na mizani yake kwenye baiskeli. Nikamwambia ni shaba tupu. Akatoa kisu, akakwangua ncha. Nje nyekundu, ndani nyeupe: alumini iliyovishwa shaba.

"Mzee, huu nauchukua kwa bei ya sufuria."