Faili Zilizosingiziwa

Katikati ya miaka ya 2000, kabla kebo ya intaneti ya SEACOM haijafika pwani yetu mwaka 2009, programu za kusaka majasusi wa kompyuta zilisambaa Dar es Salaam kwa mkono. Mtu alizipakua kwa saa nyingi kwenye intaneti kafe, akazichoma kwenye CD, na CD ile ikapita nyumba kwa nyumba mpaka ikachubuka. Zilizotajwa zaidi ni Ad-Aware ya Lavasoft, kampuni ya Sweden, na Spybot – Search & Destroy ya Mjerumani Patrick Kolla. Zilihitajika kweli. Windows XP za wakati ule zilijaa matangazo yanayojifungua yenyewe, na programu zilizobadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari bila kumwuliza mwenye mashine.

Katika ukoo wetu fundi wa kompyuta nilikuwa mimi, kwa hiyo hofu za skani zilinifikia mapema. Ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mama mdogo, mwalimu wa sekondari aliyeishi Magomeni na kuchapa mitihani ya shule kwenye kompyuta ya nyumbani. Jirani alimwekea programu fulani ya bure, si miongoni mwa hizo mbili, nayo ilipomaliza kuskani ikamwagia kioo kizima orodha nyekundu. Nilipofika alikuwa ameshachomoa waya ukutani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, kuna mtu anasoma mitihani yangu. Hawa majasusi wameingia lini?”

Tuliiwasha tena, tukakaa kuisoma orodha mstari kwa mstari. Karibu yote ilikuwa vidakuzi, vile vijifaili vya maandishi ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta ili ikukumbuke ukirudi. Kampuni za matangazo huvitumia kufuatilia unatembelea kurasa zipi, na mtu ana haki ya kutokupenda jambo hilo. Lakini kidakuzi hakina uwezo wa kufungua hati na kusoma maswali ya Kidato cha Pili. Mstari mmoja ulidai kuna programu inayonasa kila herufi inayobonyezwa. Tulifuata njia ya faili hiyo, tukakuta ni programu iliyokuja na kibodi yenyewe, ile inayofanya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti vifanye kazi. Ili ijue umebonyeza kitufe gani, lazima isikilize kibodi. Mwizi wa nywila naye husikiliza kibodi. Skani iliona tendo, nia haikuweza kuiona.

Mama mdogo alielewa, akanishukuru. Hata hivyo muhula ule mitihani aliichapa kwa taipureta ya shule. Faili moja iliyosingiziwa ilimwondolea imani na mashine aliyoinunua kwa mkopo, na imani hiyo ilichukua muda kurudi.

Kwa nini orodha zilikuwa ndefu hivyo? Sehemu moja ni ushindani: programu iliyohesabu kila kidakuzi kuwa “tishio” ilionekana hodari kuliko jirani yake. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakatunga hatari ili wauze dawa. Mwezi Machi 2005 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa Spyware Assassin, ikisema skani yao ya bure ilidai kuona majasusi hata pasipo na kitu. Desemba 2008 tume hiyohiyo ikawaburuza mahakamani waliouza WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus, na kueleza kuwa watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamenunua bidhaa hizo.

Wakweli nao walikosea. Februari 2006, programu ya Microsoft ya kusaka majasusi, ikiwa bado ya majaribio, iliitambua kinga ya Symantec kuwa mwizi wa nywila aitwaye PWS.Bancos.A, na aliyekubali ushauri wake alijikuta amejiharibia kinga yake mwenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho namba 5958 la McAfee liliikamata svchost.exe, faili ambayo bila hiyo Windows haiendi. Kompyuta za XP zenye Service Pack 3 zikaanza kujizima na kujiwasha, mtandao ukakatika, na hospitali kadhaa za Marekani zikavurugikiwa na kazi. Kampuni iliondoa sasisho lile ndani ya saa chache.

Spybot ilikuwa na tabia moja ambayo hadi leo naiheshimu. Pembeni ya kila ilichokikuta iliweza kukueleza ni kitu gani, kinafanya nini, na ulichokifuta uliweza kukirudisha. Mtu asiye fundi alipewa nafasi ya kusoma kabla ya kuhukumu. Baadaye tukapata msaada mwingine: VirusTotal, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kampuni ya Hispasec huko Málaga, Hispania, na kununuliwa na Google mwaka 2012. Unapeleka faili moja, skani kadhaa zinaitazama kwa pamoja. Skani moja au mbili tu zikipiga kelele huku nyingine zimenyamaza, kuna sababu ya kuchunguza zaidi kabla ya kufuta. Mama mdogo nilimwonya asipeleke mitihani huko, maana faili zinazopakiwa huweza kufikiwa na wachunguzi wengine.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kinga huja ndani ya mfumo wenyewe. Orodha nyekundu zimetoweka, na makosa ya wazi yamepungua, ingawa tarehe 4 Septemba 2022 kinga hiyo iliwatangazia watu duniani kote kuwa kufungua Chrome tu ni dalili ya tishio liitwalo Win32/Hive.ZY. Ninachokikosa ni maelezo. Siku hizi kijitangazo hupita pembeni mwa kioo, faili inaingia karantini, na mwenye nyumba hajui kilichotokea mpaka aitafute.

Halafu kipimo chenyewe kimegeuka. Zamani mama mdogo alitishwa na vidakuzi ambavyo kila kompyuta duniani ilikuwa navyo. Sasa kinga huhesabu pia faili hiyo imeonekana kwenye kompyuta ngapi, na aliyeiandika anajulikana au la. Faili adimu, isiyo na saini ya kidijitali, inashukiwa kwa uadimu wake. Binti wa kaka yangu huandika programu ya kuhesabu stoo kwa ajili ya maduka ya vipuri Kariakoo. Wateja wake ni wachache, na cheti cha kutia saini kinaweza kugharimu mamia ya dola kwa mwaka. Mara kwa mara simu inalia: “Dada, programu yako imefutwa, kompyuta inasema ni kirusi.”

Mwaka 2010 mashirika makubwa yalipiga kelele na kosa la McAfee likaondolewa siku hiyohiyo. Mwenye duka la vipuri anastahili haraka ileile, maana hesabu zake za siku zimo humo. Binti yetu amejifunza kupeleka kila toleo jipya kwa wachunguzi wa kampuni ya kinga kabla ya kuligawa, kwa kuwa faili ikibadilika kidogo tu inahesabiwa kuwa ngeni upya. Anajaza fomu, anaeleza programu inafanya nini, anasubiri jibu, na wakimsafisha ndipo anapobeba flashi kwenda Kariakoo.