Ng'ombe, Bima na Mama Mgonjwa



Familia moja hapa Morotonga inajiuliza: iuze ng'ombe wa kulimia ili mama akatibiwe hospitali binafsi jijini Mwanza? Mwinjili Marko amtaja mwanamke aliyemaliza mali yake yote kwa matabibu, asipone. Basi ulizeni kwanza: ugonjwa ni upi, gharama zote ni kiasi gani, bima italipa nini? Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kumilikiwa na maaskofu wetu, ni hospitali ya rufaa ya kanda. Ombeni barua ya rufaa. Amri ya nne yadai mzazi apelekwe mapema panapotibika ugonjwa wake. Haidai bei kubwa. Naye akirudi, akute shamba limelimwa.