Kisu Kilichotoka Chini ya Gari

Kisu changu kilikuwa springi. Ni kipande cha pleti ya pili ya springi ya nyuma ya Land Rover 109 ya tajiri wangu wa kwanza, iliyokatikia bondeni Rukwa mwaka 1988 kwa sababu tulipakia mpunga wa Kamsamba kama vile tuna lori la tani saba. Mimi nilikuwa utingo, kijana wa Ndalambo wa miaka 19, na kosa la kupakia halikuwa langu, ingawa kulala chini ya gari siku mbili kulinihusu. Tuliegemeza bodi kwenye gogo, tukalifunga kwa kamba ya katani, tukapanda ukingo wa bonde kwa gia ya kwanza hadi nyumbani.

Pleti iliyokatika nilipewa mimi iwe mshahara wa usumbufu. Nikampelekea mhunzi mmoja mzee, mtu wa asili ya Ufipa, ambako zamani walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho umekiokota au umekiiba?"

Nilipomweleza alicheka, akakigonga kwenye jiwe, akasikiliza. Akasema chuma cha springi kimeshafundishwa kupinda na kurudi, kwa hiyo kazi yake yeye ni ndogo. Hakukizamisha kwenye maji, maana alisema maji yangekipasua. Alikitia kwenye oili chafu ya injini, kisha akakirudisha pembeni mwa makaa hadi kikageuka rangi ya majani makavu. Malipo yake yalikuwa nusu ya pleti iliyobaki.

Baadaye, nilipoanza kubeba wageni, niliona visu vingi: vyenye meno mgongoni, vyenye dira kwenye mpini, vizito kama nyundo. Vingi vilifungua makopo ya maharage. Kisu cha porini ni cha kuchuna, kukata kamba na kumenya muhogo. Kazi ya kichaka ni ya panga, na panga nalipenda liwe laini kidogo, lipinde likigonga jiwe, nilinyooshe kwa nyundo na kulinoa kwa tupa jioni. Panga gumu mno humeguka, na pengo la panga halizibiki ukiwa huko bondeni Ivuna.

Miaka ile barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika. Lami ilikuja baadaye sana, kwa msaada wa Wamarekani, na sasa watoto hawaamini nikiwaambia tulikuwa tunalala njiani. Bondeni ndiko kulikobaki na shule ya zamani: udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hushika tairi na kulijaza mpaka linakuwa duara lisilo na meno.

Gari langu mwenyewe nililinunua mnadani mwaka 2003, Land Cruiser hadtopu yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Wenzangu walinicheka kwamba nanunua uzito. Sikununua mbio. Nilinunua injini ambayo fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa sauti, na springi za pleti mbele na nyuma, ambazo nimeshajua zikikatika zinafungwaje.

Kulichagua kulinichukua siku tatu. Injini niliiwasha alfajiri, ikiwa baridi, kabla mwenyewe hajaipasha moto kunidanganya. Kisha nikaingia chini na spana namba 17, nikaigonga chesisi kipande kwa kipande. Huku kwetu lazima, kwa sababu ya chumvi ya Ivuna. Gari lililobeba chumvi misimu miwili hulika kutokea ndani, na rangi nje ikabaki inang'aa. Land Rover ndiyo humhadaa mnunuzi zaidi, maana bodi yake ya aluminiamu haioti kutu hata siku moja, wakati chesisi ni chuma. Ikilia ngaa, endelea. Ikilia kama debe la unga, toka chini, shukuru, nenda kanywe chai.

Ujuzi huo haukunizuia kuaibika. Safari ya kwanza tu tulizama karibu na mto Momba, kabla daraja la Kamsamba halijajengwa, nikachimba kwa chepe karibu saa nzima, wageni wakinitazama. Fowili nilikuwa nimeweka. Habu za mbele sikuzifunga, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayakuwa yakivuta. Akaja mvulana mwenye ng'ombe, akaangalia gurudumu, akainama na kuzizungusha zile habu kwa vidole viwili, akaondoka bila kusema neno.

Wageni wale walikuwa watu wa miamba. Walitaka kuona mahali lilipodondoka jiwe la Ivuna, tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705 hivi, na mmoja akanieleza kwamba wataalamu wana kundi la vimondo adimu wanaloliita CI, na hiyo I ni ya Ivuna yetu. Mwaka 2020 Wajapani walipoleta vumbi la asteroidi Ryugu, likaonekana ni ndugu wa jiwe letu. Wageni wangu walikuwa na masanduku sita ya vifaa. Lakini habu zilipokwisha kufungwa, kilichotutoa matopeni ni kibao cha mninga nilichokuwa nakiweka chini ya jeki isizame, na kupunguza upepo wa tairi hadi pauni 18.

Kibao hicho bado kipo. Tairi nazo bado ni za tyubu, 7.50 kwa 16, kwa sababu tyubu huzibwa popote penye pampu na mtu mwenye subira. Mgeni mmoja alikuja na gari jipya lake mwenyewe, zuri kweli. Taa ikawaka kwenye dashibodi, likagoma kupanda, na tukamngoja fundi mwenye kompyuta kutoka Mbeya siku nne. Tulikula samaki wa Rukwa hadi tukawachoka.

Siku hizi mwanangu ndiye anayeendesha. Mjukuu wa yule mhunzi naye anafua, na juzi aliniletea springi ya mizunguko ya gari dogo, akaniuliza kama inafaa kutoa kisu. Nikamwambia inafaa, ila kwanza aikunjue yote ikiwa nyekundu. Alitazama ile mizunguko, akaihesabu, akakaa chini.